Nani Atanizika Songea

Tulihama Dar es Salaam kwa sababu ya mahesabu, na mahesabu yale niliyafanya mimi, kwa hiyo lawama zote nazibeba. Mwenye nyumba wetu wa Tabata alikuwa amepandisha kodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kila mara alitaka miezi sita mkononi. Maji ya kunywa tulinunua, ya kuoga tulinunua. Binti yetu wa miaka sita alipanda basi la shule kabla hakujapambazuka, akasinzia kwenda, akasinzia kurudi, na sisi tukalipia usingizi huo kila muhula. Mdogo wake, wa miaka mitatu, alikuwa hajui kwamba ndizi huota. Aliamini zinatoka kwenye toroli.

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu na ripoti za watu kwenye kompyuta, kazi ambayo unaweza kuifanya popote penye umeme na mtandao. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alipopeleka barua ya kuomba uhamisho kwenda Songea, aliyeipokea aliisoma mara mbili, kisha akamuuliza kwa upole kama hajapindua majina ya miji. Kabati zima nyuma yake lilikuwa limejaa barua za watu waliotaka kwenda upande wa pili. Kibali kilitoka upesi mno, mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

Aliyebaki kushawishiwa ni mama yangu, ambaye tuliishi naye tangu baba afariki. Mama alizaliwa Dar, akaolewa Dar, akafiwa Dar. Nilimkalisha sebuleni nikamweleza bei ya maharage, bei ya mchele, ukubwa wa nyumba tutakayopata, hewa safi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Na mimi nikifa huko, nitazikwa na nani?"

Nilimwambia tunakwenda kuishi, hatuendi kufa. Akasema hilo ni jibu la mtu wa miaka thelathini na nane. Hapo ndipo, kwa nia njema kabisa, nilipomwambia kwamba hata mazishi huko ni nafuu. Mama hakuongea na mimi siku mbili. Siku ya tatu alimwambia mke wangu, mimi nikiwa palepale mezani, kwamba anapelekwa Songea akawe maiti ya bei ya chini.

Tuliingia Songea mwezi wa sita, na hakuna aliyekuwa ametuonya kuhusu baridi. Mahesabu yangu hayakuwa na mstari wa masweta. Tulipanga Majengo, nyumba ya vyumba vitatu yenye ua na mparachichi. Mama alikaa mlangoni na masweta mawili na kitenge juu yake, akiwatazama wapita njia kwa macho ya mtu anayepima nani kati yao ana mabega ya kubeba jeneza.

Mimi nilikuwa mtu wa kuudhi miezi ile, nakiri. Niliwapigia simu rafiki zangu wa Dar kuwatangazia bei ya parachichi. Niliwatumia picha ya gunia la mahindi wakiwa wamekwama kwenye foleni. Nilizungumza kuhusu kuishi na jamii, kuhusu watu wenye utu, kuhusu majirani wanaojuana, na yote hayo niliyasema nikiwa chumbani, mlango nimeufunga, visikilizio shingoni. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimehamia kwenye chumba kimoja chenye intaneti ambacho kwa bahati kilikuwa Songea.

Mwezi wetu wa pili pale, alifariki mzee wa nyumba inayotazamana na yetu. Huko msiba hautangazwi kwenye kundi la simu. Mjumbe wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inajua la kufanya: wanaume wanakwenda kuchimba, wanawake wanakwenda na kuni, unga na masufuria. Mimi nikafanya anachofanya mtu wa Dar aliyelelewa vizuri. Niliomba namba, nikatuma rambirambi kwa simu, nikaongeza na ada ya kutolea. Kisha nikarudi kwenye kurasa zangu nikiwa najisikia raia mwema.

Kesho yake mjumbe alikuja. Ni mtu mrefu, mpole, na siku hiyo buti zake za mpira zilikuwa bado na udongo mwekundu. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa, akakubali chai.

"Kaka, ile hela tumeipata, tunashukuru sana," aliniambia. "Sema jana kwenye kuchimba tulipungukiwa mtu mmoja."

Nilimweleza kuhusu kazi iliyotakiwa jioni ile ile, kuhusu mteja mwenye haraka. Alisema sawa. Mama, ambaye alikuwa akimenya viazi na kujitia hasikii, aliweka kisu chini.

"Baba, hebu nieleze. Mtu asipokuja kwenye misiba ya wenzake, hapa anafanywa nini?"

"Hafanywi kitu, mama," mjumbe akasema. "Hatumlazimishi mtu. Siku yake ikifika na sisi tunamtumia kwenye simu. Na ya kutolea tunaweka."

Alicheka, nami nikacheka. Mama hakucheka.

Msiba uliofuata ulikuwa wa mtaa wa pili, wa mtu ambaye mama hakuwahi kumwona akiwa hai. Alifunga kanga, akachukua kisu chake, akaondoka asubuhi na kurudi jioni ananuka moshi. Uliofuata akaenda tena. Akajiunga na jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa wetu, wale wanaosali kwa zamu kwenye nyumba za watu, na kupitia hao akapata habari za misiba kabla hata ya mjumbe. Nilimwambia anajichosha, umri umeenda, presha anayo.

"Naweka akiba," alijibu. "Si wewe uliyetuleta huku tubane matumizi?"

Basi mama yangu akawa mtu mwenye ratiba ngumu kuliko yangu. Safari moja alipanda nyuma ya lori pamoja na wanakwaya mpaka Mpitimbi kumzika mkwe wa mama mmoja wa jumuiya, akarudi na kuku, debe la maharage mabichi na kikohozi, uso unang'aa. Alianza kuichambua misiba kwa utaalamu. Ugali wa pale ulikuwa mbichi katikati lakini watu walijaa. Pale padri alichelewa. Pale togwa ilikuwa tamu na mjane alilia vizuri. Nilimtania kwamba hata Dar hakuwahi kuwa na starehe nyingi hivi, na sidhani kama nilikosea.

Watoto nao waliota mizizi bila kuniomba ruhusa. Binti alitembea kwa miguu kwenda shule na kurudi akiwa macho. Mdogo wake alikuwa akipotea kwenye nyua za watu, na jioni akirudishwa ameshiba, akiongea maneno ya Kingoni ambayo mimi sikuyaelewa na bibi yake aliyajibu. Mke wangu akawa mwalimu wa kila mtu. Wote watatu, na mama wa nne, walisalimiwa kuanzia getini mpaka sokoni. Mimi nikitoka, nilitoka kwa bodaboda, kofia ngumu kichwani.

Zamu yetu ya kupokea jumuiya ilipofika, sebule ilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimefunga mlango wa chumbani. Walipoimba niliongeza sauti kwenye visikilizio. Walipopumzika niliwasikia wakimuuliza mama mwanae yuko wapi, wangependa kumsalimu.

"Mwanangu yuko kazini," mama akasema.

Haukuwa uongo. Nilikuwa kazini, hatua nne kutoka alipokaa, nyuma ya mbao. Aliyasema maneno hayo tena siku nyingine, na nyingine, kila mtu alipouliza, na aliyasema kwa sauti ya kunilinda. Niliona amenisaidia. Mke wangu aliona vingine.

"Toka nje," aliniambia. "Watu hawakujui."

"Mimi nawajua," nikamjibu, na kwa namna fulani niliwajua. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta wa nyuma, na nyuma ya ukuta ule kuna jirani ambaye kila asubuhi humfokea jogoo wake kama anavyofokewa mtu mzima mlevi. Nilijua jogoo amefanya nini, nilijua mke wa jirani anaumwa mgongo, nilijua mbolea imechelewa. Sura ya jirani huyo sikuwahi kuiona.

Mwaka wa pili, baridi iliporudi, presha ya mama ilipanda. Tulimpeleka hospitali. Siku ya pili alikuwa anaongea vizuri, akamuagiza mke wangu kanga fulani kutoka sandukuni, na akaniuliza kama nimekula. Siku ya tatu, kulipokuwa kunapambazuka, akafariki. Niliegemea ukuta wa nje nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini, na sikujua nitasimamaje.

Nilipoweza kusimama nilifanya nilichokijua. Mke wangu alibaki kushughulikia karatasi, mimi nikapanda bodaboda kurudi nyumbani, na humo njiani, machozi hayajakauka, nikafungua kundi la simu la ndugu wa Dar na kuanza kuandika orodha: maturubai, viti, mpishi, vipaza sauti. Nikakwama kwenye kaburi. Nikamuuliza dereva kama anafahamu vijana wanaochimba kaburi kwa malipo.

Aligeuka kuniangalia, nikahofia tutagonga.

"Nani kafariki, bosi?"

"Mama yangu. Tunakaa Majengo."

"Majengo? Si yule bibi wa Dar?" Alipunguza mwendo. "Wanachimba toka saa moja na nusu. Kaka yangu yuko huko huko."

Mke wangu alikuwa amempigia mjumbe kabla hajawapigia hata shemeji zake. Nilipofika nyumbani, uani kulikuwa na kuni kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja, masufuria yanachemka, mabenchi yamepangwa mpaka barabarani. Jikoni kwangu kulikuwa na wanawake saba. Mmoja wao, amebeba beseni la mchele, aliniambia, "Kaka, tupishe kidogo," nami nikapisha. Walikuwa wakimlilia mama kwa machozi ya kweli. Nilimuuliza mwanamume mmoja mabenchi yanakodishwa na nani, ili nimlipe, akanitazama kwa huruma na kuniambia nikae.

Sikuweza kukaa. Nilitembea kwa miguu mpaka makaburini, na njiani nikagundua kwamba sikuwa naijua njia; nilifuata watu wenye majembe. Tulikuta wanaume kumi na kitu, kaburi limeshafika kiunoni, udongo mwekundu umerundikwa pembeni vizuri. Nilimtafuta mjumbe kwa macho. Wakasema amekwenda kuangalia sanduku. Zaidi yake hakukuwa na uso hata mmoja nilioutambua, na hakuna aliyeshtuka kuniona.

Nilivua sweta. Kulikuwa na chepe limesimikwa kwenye udongo, nikalichukua nikashuka kaburini. Nilichota mara mbili, tatu. Nilitaka kumchimbia mama yangu, ndicho kitu pekee nilichokitaka duniani saa ile. Mwanamume aliyekuwa pembeni yangu, mnene kidogo, mvi kichwani, akanishika mkono na kulichukua lile chepe polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hapana, ndugu yangu," akasema. "Nyie mliosafiri pumzikeni. Wageni hatuwachimbishi."

Ile sauti niliijua. Nilikuwa nimeamka nayo kila siku kwa mwaka mzima na zaidi. Nilitaka kumwambia kwamba ukuta wake ndio ukuta wangu, na kwamba namjua jogoo wake, lakini alikuwa ameshanishika kwapani. Alinisaidia kupanda juu, akaniletea maji kwenye kikombe, akasimama nami kidogo, akinitazama vizuri usoni.

"Umefanana na bibi," akasema. "Si ndiye wewe yule mwanae wa kazini?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana. Alikuwa anakutaja kila mara." Aliweka mkono begani kwangu, mkono wa udongo. "Basi tukishamaliza, ukirudi huko kazini kwako, usiwe na wasiwasi. Kaburi la bibi tutakuwa tunalifyekea sisi."