Mashini ya Kukunja Mashuka

Harufu ya shuka lililotoka kupigwa pasi, likiwa bado na mvuke, hunitia hofu mpaka leo. Wengine huipenda. Nimewahi kumwona rafiki yangu akitumbukiza uso ndani ya shuka la hoteli na kuvuta pumzi kama mtu anayenusa maua, huku mimi nimesimama mlangoni, nikisita kuingia. Kwangu mimi ile ni harufu ya mama yangu akirudi kutoka Randburg, na ya majira mamoja ya baridi ambayo nyumba yetu nzima iliishi kwa hofu.

Tulipanga chumba Malvern, Johannesburg, nyuma ya maduka ya Mtaa wa Jules. Baba alikuwa mlinzi huko Durban, akija mara moja moja. Mama, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, alifanya kazi huko Randburg katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, na kazi yake ilikuwa kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: kila mmoja anashika pembe zake, wanarudi nyuma, wanavuta, wanakaribiana, wanapeana. Mwenzake mama alikuwa MaNdlovu, mwanamke wa Alexandra mwenye mabega mapana na sauti ya kwaya. Walikuwa wamekunja pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba MaNdlovu akija kututembelea Jumamosi, walikunja mablanketi yetu huku wakibishana juu ya chumvi ya mboga, bila hata mmoja kutazama mikono yake.

MaNdlovu ndiye aliyekuwa mwakilishi wa wenzake katika chama cha wafanyakazi. Mama, kwa Kiswahili chake cha Kongo, alikiita sindika.

Jioni moja mama aliingia, akakaa kitandani bila kuvua koti, akampigia baba simu. "Wanaleta roboti," alisema. "Watatutoa kazini."

Mtoto wa Johannesburg akisikia roboti anajua ni taa za kuongozea magari. Hatukuwa na jina lingine. Palikuwa na roboti kwenye kona yetu, na tangu jioni ile nilianza kuziogopa. Nikivuka kwenda shule nilizikazia macho, nikijiuliza zitashukaje kwenye nguzo zao, zitapanda teksi gani mpaka Randburg, na kwa mikono ipi zitashika shuka. Mama alipogundua ninachokiwaza alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea, nami nikaogopa zaidi.

Mashini yenyewe ilifika kiwandani ikiwa imefunikwa turubai. Mama alinieleza kwamba shuka linaingia upande huu likiwa na unyevu, linatoka upande wa pili limepigwa pasi na kukunjwa, na anayehitajika ni mtu mmoja wa kubonyeza vitufe. Meneja alisema hakuna atakayepoteza kazi. Baadaye akasema ni wachache tu. Sindika ikaitisha mgomo.

Shule zilikuwa zimefungwa na hapakuwa na mtu wa kubaki nami, hivyo mama akanichukua kwenda naye langoni mwa kiwanda. Kwenye teksi aliniinamia sikioni.

"Leo usiseme Kiswahili. Ukitaka kitu, nivute sketi."

Kizulu changu kilikuwa safi kama cha watoto wa jirani. Chake kilivunjika kwenye neno la kwanza. Tulikuwa tumesikia habari za wageni kutoka nchi nyingine waliofurushwa vibandani mwao kwa kushindwa kutamka neno moja, kiwiko, kwa Kizulu. Mama alikuwa amenifanya nimfundishe neno hilo, akalirudia akipika, akalirudia akifagia, na kila mara lilitoka vibaya.

Langoni wanawake waliimba wakizunguka pipa la moto, na polisi walitutazama kutoka ng'ambo ya barabara. Mchana akaja mwanasiasa. Chama chake, cha mrengo wa kushoto, kilikuwa karibu kuchagua kiongozi mpya, naye alikitaka kiti hicho. Alipanda nyuma ya pikapu akiwa na kipaza sauti.

"Mashini haiugui," alisema. "Haina mtoto wa kulisha, haijui kugoma. Ndiyo maana tajiri anaipenda kuliko ninyi."

Wanawake walipiga vigelegele, na mama pia. Nilimpenda mtu yule. Alisema mambo ambayo mama aliyanong'ona nyumbani, ila yeye aliyasema kwa sauti na hakuna aliyemnyamazisha.

Kisha akauliza, "Na kazi zitakazobaki, ni za nani kwanza?" Akajijibu mwenyewe: "Ni za wana wa nchi hii."

Safari hii umati uliitikia kwa nguvu zaidi. Kigelegele cha mama kilikatika, akanivuta karibu naye. Mwanamume mmoja, aliyevaa fulana yenye picha ya yule mwanasiasa, akageuka.

"Wewe mama, mbona umenyamaza? Unatoka wapi?"

Mama akanitazama mimi. Mimi nilikuwa na maneno yote ya Kizulu aliyoyahitaji, lakini nilivuta sketi yake tu. Watu wengine wawili watatu wakageuka kututazama.

MaNdlovu alipenya katikati yao kwa yale mabega yake. "Anatoka kwenye meza yangu ya kukunjia," alimwambia. "Una swali, niulize mimi."

Yule mtu alicheka kidogo, lakini hakuondoka. MaNdlovu naye hakuondoka. Alimwekea mama mkono begani, akaendelea kuimba. Mimi nilikuwa nimebanwa katikati yao, nikamsikia MaNdlovu akikosea maneno ya wimbo. Tulisimama hivyo mpaka magari ya mwanasiasa yalipoondoka.

Mgomo uliisha kwa makubaliano. Mashini ingebaki, na nusu ya wakunjaji wangetoka. Siku ya kikao cha kuamua nani atoke, mama alirudi akaniambia kwamba yeye amebaki kazini. Nikarukaruka. Yeye akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

"MaNdlovu ametoka," alisema, amenipa mgongo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba matajiri walimfukuza kwa sababu aliongoza mgomo. MaNdlovu hakuja tena Jumamosi. Mama hakumtaja, nami niliogopa kuuliza.

Mwaka jana nilimtembelea MaNdlovu kwake Alexandra, ambako sasa anashona sare za shule. Yule mwanasiasa, ambaye siku hizi ndiye kiongozi wa chama chake, alikuwa kwenye televisheni akizungumzia mashini, na mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. MaNdlovu alipunguza sauti. Ndipo akanisimulia kikao kile.

Baadhi ya wenzake walitaka wageni watoke kwanza, na kampuni ingekubali bila shida. Yeye, kama mwakilishi, alisimama akasema watakaotoka ni walioajiriwa mwisho, wawe wametoka nchi yoyote. Walibishana mpaka jioni, ikapita hivyo. Mama yangu aliajiriwa kabla yake kwa miezi michache.

"Ulijua itakuangukia wewe?" nilimuuliza.

"Nilijua. Mama yako pia alijua, akanivuta nguo nikae chini."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana, ntombazane, binti yangu. Nilikuwa na watoto." Alikata uzi kwa meno. "Mama yako ndiye aliyenikasirikia kuliko wote. Alisema hakuniomba."

Nilipokuwa mdogo nilidhani hofu ya nyumbani kwetu ilikuwa ya mashini, kisha ya watu wa langoni, na kwamba mama alipobaki kazini ingekwisha. Sasa ndipo naelewa kwa nini katika miezi ile iliyofuata alitoka asubuhi kama mtu anayekwenda msibani, na kwa nini, hata alipokuwa na homa, hakukosa hata siku moja katika kazi aliyoachiwa na MaNdlovu.