Virusi Dirisha Hili, Kichwa Dirisha Lile

Juzi nilikwenda kliniki hapa Mtwara kuchukua dawa zangu za presha. Mbele yangu walikuwa mama mmoja wa Mahurunga, mwembamba kama ufito, na mdogo wake wa kike. Foleni haina siri: mama yule ana virusi vya Ukimwi, na tangu mwaka jana anasikia sauti zinazomwambia vidonge ni sumu.

Nesi akafungua mfuko wa dawa. "Vimebaki vyote! Tena vina udongo!"

"Alivifukia chini ya mkorosho, sista," mdogo mtu akajibu.

"Kwa hiyo tunautibu mkorosho? Ndiyo maana virusi vimepanda. Arudi darasa la ushauri, aanze somo la kwanza: umuhimu wa kumeza dawa."

"Umuhimu anaujua, sista. Sauti ndizo zinamkataza. Huyu atatufia."

"Mambo ya akili si ya dirisha hili. Daktari wake huja Alhamisi."

Mgonjwa, aliyekuwa akitafuna ncha ya kanga, akainua uso. "Na hawa wanaonisemesha, niwaambie nao waje Alhamisi?"

Foleni ikacheka, na mimi nikiwemo, Mungu anisamehe. Nesi hakucheka. Akampa vidonge vingine vya miezi mitatu.

Mimi shule niliiacha mapema, basi hekima hii imenipita. Wasomi wetu wamemtenganisha mtu na kichwa chake, kila kimoja na foleni yake. Kilichobaki ni kuviomba virusi navyo vifuate utaratibu, visimmalize mama wa watu kabla ya Alhamisi.