Jeneza Lilinikuta Kwenye Foleni

Aibu hii nimeificha nikashindwa, maana Mocímboa nzima, mji wetu huu wa kaskazini mwa Msumbiji, inaijua na wengine wanaitia chumvi mpaka wanasema nilitoka ndani ya sanda nikikimbia (magoti yangu haya, nikimbilie wapi?), kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, mkicheka mcheke kwa haki.

Ilikuwa miaka ile gesi imegunduliwa huko baharini na kila kijana ameshikwa na homa ya kwenda Palma kwenye kambi za gesi. Mwanangu Saidi, mtoto pekee niliyebaki naye baada ya baba yake kufariki, alipata kazi ya jikoni kwenye kambi ya watu wa gesi, na tangu hapo nyumba ikawa ya mimi na redio. Redio nilikuwa siizimi, hata nikienda sokoni naiacha inaongea, ili nikirudi nisipokewe na kimya. Nikimpigia Saidi anaongea harakaharaka kama mtu anayekimbizwa, halafu kimya tena. Upweke unauma jamani, na unauma zaidi majirani wanapokwambia una bahati, mwanao yuko kwenye gesi.

Sasa jicho langu la kulia likaingiwa na ukungu, mtoto wa jicho, na la kushoto likaanza kumfuata mwenzake. Ndipo wakaja watu wa mpango wa afya ya wazee, wakaweka meza yao uwanjani mwa hospitali, kuandikisha ni wiki moja tu na atakayechelewa asubiri mwaka mwingine. Kadi zilikuwa za namna mbili, unachagua moja. Ya kwanza unatibiwa hapahapa mjini, dawa za presha, matone ya macho, basi. Ya pili ndiyo niliyoitaka: unapelekwa Pemba (si kile kisiwa, ni mji mkuu wa mkoa wetu), unapasuliwa jicho, unalazwa, unarudishwa. Lakini hiyo ya Pemba ilikuwa na sharti, uje na acompanhante wako, yaani mtu wako wa kukuuguza, aonekane kwa macho na aweke kidole gumba, kwa sababu kule mgonjwa hapokelewi peke yake, nani atamfulia, nani atampikia uji?

Pale mezani alikaa binti wa Pemba, mpole, Kiswahili chake cha kubabaisha. Akaniuliza, "Mamã, acompanhante wako nani?"

Ningesema kweli, sina, mambo yangeishia hapo. Lakini nyuma yangu walijipanga wanawake niliocheza nao utotoni, kila mmoja kashikwa mkono na binti au mkwe, na mimi nimeshikwa na mkoba wangu. Nikaona haya, nikapaza sauti ili wote wasikie: "Mwanangu Saidi, yule wa kwenye gesi! Yuko njiani, kesho nakuja naye." (Njiani wapi! Alikuwa anamenya viazi vya wazungu.)

Jioni nikampigia. Akasema kule ruhusa haitolewi ovyo, labda mwezi ujao, na mwezi ujao ile meza ingekuwa imeshaondoka. Nikavuka ua kwenda kwa jirani yangu Zaina, nikamwambia, "Mpigie Saidi, mwambie mama yako mgonjwa sana, njoo haraka."

Zaina akanikazia macho. "Atija, nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Nikadhani anaogopa dhambi ya uongo. Akapiga, akasema. Saidi hakuuliza naumwa nini, hakuuliza tangu lini, alisema tu, "Haya, mama Zaina. Asante. Nakuja." Nami nikafurahi, mjinga mimi, nikasema kumbe mtoto ananipenda, hata maswali hana.

Asubuhi nikaoga, nikavaa kapulana mpya, nikajipaka msiro uso mzima, ule unga mweupe wa mti tunaojirembea nao, mwanamke mzima na wajukuu ningekuwa nao. Nikafunga nyumba nikawahi foleni pamoja na Zaina, nikijua Saidi akifika atanipigia. Simu kumbe nimeisahau juu ya kitanda.

Jua lilipoanza kuchoma tukaona jeneza linaingia getini. Tupu, limefunikwa kitambaa cha kijani, wanaume mbele na wanawake nyuma wanalia. Foleni yote tukasimama kwa heshima. Nikasema innalillahi kwa sauti, na kwa vile machozi ya mtu mpweke hayako mbali, nikalia kwelikweli, nikamlilia marehemu nisiyemjua. Akapita mama mmoja amejitanda mpaka machoni, nikamuuliza, "Pole, mwenzangu. Kafa nani?"

"Atija, mama yake Saidi," akajibu bila kuniangalia. "Masikini, kafa peke yake. Nyumba tumeikuta imefungwa, sasa tunaufuata mwili hospitali."

Nilishafungua mdomo nimpe pole nyingine, ndipo jina likaniingia. Na hapo akili ikanirudia yote kwa pamoja, maana sisi watu wa pwani mtu aliye mbali hatumwambii mzazi wako amefariki, asije akaanguka njiani. Tunamwambia mgonjwa sana, njoo haraka. Akifika akakuta mikeka imetandikwa, anaelewa mwenyewe. Baba yake Saidi alipofariki maneno yalikuwa hayohayo, na aliyeyasema ni mimi, kwa mdomo wangu huu!

Nikamgusa yule mama begani. "Mbona Atija ndiye mimi?"

Akageuka, akaona uso mweupe pe. Ukelele alioutoa sijausikia tena mpaka leo. Jeneza likatupwa chini, kila mtu na njia yake, na wale wazee wa foleni walioletwa wameshikwa mikono walitimua mbio wakaacha mikongojo, binti wa Pemba akabaki ameduwaa anatazama wagonjwa wake walivyopona. Zaina alikuwa ameinamia magoti yake, sijui alikuwa analia au anacheka.

Saidi hakukimbia. Alisimama palepale na nguo zake za jikoni, sanda iko kwapani ndani ya mfuko. Akaja polepole, akanigusa shavu, akaufuta msiro kwa kidole, akasema "Mama," halafu akalia kama siku niliyomwachisha ziwa. Niliona aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Na Mungu anisamehe, niliona raha pia, kwa sababu uso wangu ulikuwa haujaguswa na mkono wa mtu muda mrefu sana.

Raha yenyewe aliikatisha shemeji yangu Abudo, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekuja na lori la watu kutoka Diaca, kijijini kwao, maana Saidi alishampigia usiku uleule. "Shemeji, umetufanya nini? Kaburi limeshachimbwa, ubavuni kwa kaka!" Na kaburi likishachimbwa haliachwi wazi wala halifukiwi hivihivi, litamwita mwingine. Basi akapiga simu Diaca, wazee wakakata mgomba, wakauzika mahali pangu. Kwa hiyo ukienda Diaca leo utanikuta nimelala na mume wangu, mimi mgomba.

Watu waliporudi, sasa wanacheka mpaka wanashikana, binti wa Pemba akajikaza akauliza, "Mamã, acompanhante ndiye huyu?"

"Ndiye," nikasema, nikasimama wima.

Saidi akaniinamia sikioni. "Mama, kidole nitaweka ukitaka. Lakini Pemba sitaweza kwenda. Chefe wa kambi amenipa ruhusa ya kumzika mzazi, na hiyo ni mara moja tu."

"Si uwaambie sijafa?"

"Watasema niliwadanganya, watanifukuza. Wenzangu wamenichangia sanda, mama. Wamenilia. Kule wewe umeshakufa."

Niliangalia kile kidau cha wino cha kuwekea kidole, nikamwangalia mwanangu na macho yake mekundu, nikaona kidole akiweka nitakuwa nimedanganya mara ya pili, na nikifika Pemba nitalala peke yangu vilevile, tena gizani. Nikamwambia yule binti anipe kadi ya hapahapa. Saidi aliondoka na gari la alasiri, tulikula wali wa msiba pamoja kwanza, ulikuwa mtamu.

Jicho la kulia limeshafunga kabisa, la kushoto nalitia matone. Nimeapa sitamtuma mtu tena aseme naumwa, siku nikimhitaji mwanangu nitamwambia mwenyewe, Saidi, mama yako ana upweke, na akishindwa kuja basi ashindwe akijua kweli. Nanyi fanyeni hivyo, msingoje mpaka mgeuzwe marehemu. Bado nampigia. Lakini akiwa mbele ya wenzake hawezi kutamka mama, anaitikia "Shikamoo, shangazi," nami namjibu marahaba.