Majina Arobaini ya Frogtown

Perpétue Birindwa, ambaye wengi humwita Mama Reine, aliapa kuwa raia wa Marekani mwezi wa Machi 2016. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Roseville, pembeni ya mji wa Saint Paul, Minnesota. Kiangazi hicho Makena, nesi wa zamu yake mwenye asili ya Kenya, aligombea kiti katika bunge la jimbo hilo. Upande ule wa Saint Paul, anayeshinda mchujo wa chama mwezi wa Agosti huwa ameshapata kiti. Mpinzani wake alikuwa amekikalia miaka kumi na minne.

"Mama Reine, Wakongo wa mtaa wa Frogtown hawanijui," Makena alisema. "Wewe watakufungulia mlango."

Akampa karatasi yenye majina arobaini ya wapiga kura Wakongo na anwani zao, awaendee kuwaombea kura. Huko Walungu, mashariki mwa Kongo, waliomchukua mume wa Perpétue walifika na karatasi. Walisoma jina lake, wakauliza kama ndiye.

Hata hivyo alikwenda. Milango ya kwanza ilifunguka. Wiki ya pili simu zikaanza: sauti ya mwanaume, Kiswahili cha Bukavu, polepole, bila hasira.

"Mama Reine, unaandika majina ya watu. Unayapeleka wapi?"

"Wewe ni nani?"

"Uraia waliokupa wanaweza kuuchukua. Waambie wenzako."

Kumbe na wenzake walikuwa wamepigiwa. Sasa alipobisha, pazia lilisogea kidogo, likarudi. Mukandayisenga, mjane aliyeishi naye katika kambi ya wakimbizi miaka sita, alimjibu bila kufungua. "Dada yangu, futa jina langu. Nakuomba."

Alilifuta pale pale mlangoni.

Alasiri moja, akitembea University Avenue, simu ililia tena. "Kitenge cha njano kimekupendeza," sauti ilisema. Akageuka. Watu walikuwa wakingoja treni, hakuna aliyemtazama.

Makena aliposikia alitaka kuchukua karatasi yake. Perpétue alikataa. "Nikiirudisha, huyo anayenipigia atajua nimeogopa."

Siku ya kura alipanga foleni asubuhi. Mtu nyuma yake akasema, "Songa kidogo, mama."

Akageuka haraka. Sauti ilikuwa ileile. Alikuwa Sosthène, mpanga viti kanisani kwao, mtu ambaye siku zote aliitikia salamu kwa kichwa tu.

"Papa Sosthène," alisema kwa sauti iliyofika mwanzo wa foleni, "uliniuliza majina nayapeleka wapi. Nimeyaleta hapa."

Watu waligeuka. Sosthène alitazama viatu vyake, akatoka kwenye foleni, akaondoka bila kupiga kura.

Kati ya wale arobaini walikuja kupiga kura kumi na mmoja. Makena alishindwa kwa kura ishirini na sita. Wagombea wote wawili walisema hawamjui Sosthène, naye kanisani hakuonekana tena.

Mwezi wa Oktoba Perpétue alikutana naye ana kwa ana dukani Roseville.

"Alikutuma nani?"

"Hakuna aliyenituma," alijibu, polepole kama kwenye simu. "Nilitaka wakae kimya. Kule, waliokaa kimya ndio waliobaki hai. Unadhani hapa ni tofauti?"

Akachukua mfuko wake, akapotelea katikati ya watu. Perpétue alisimama pale mpaka saa ya kuanza zamu yake ikapita.