Mlevi Alikuwa Eliezer, Si Gitaa

GISENYI. Kengele ya kwanza imeshalia, na Eliezer Munyaneza bado anakaza waya wa tatu. Ameketi kwenye kizingiti cha kanisa dogo la Kiprotestanti karibu na bandari, gitaa mapajani, sikio limelala juu ya ubao. Waumini wanamruka kuingia ndani.

"Eliezer, utaikaza mpaka ikatike?" anamtania mama mmoja.

"Ikikatika, mama, mutaimba peke yenu tena," anajibu bila kuinua kichwa.

Ana miaka thelathini na minne. Siku sita za juma anabeba magunia ya kahawa kutoka ghalani hadi kwenye meli zinazokwenda Bukavu, kilo sitini kila gunia. Vidole vyake vimekuwa vigumu kama kwato, na hapo ndipo kazi ya Jumapili inapomshinda.

"Mi sisikii waya vizuri," anasema. "Naangalia kwa macho kidole iko wapi."

Si mpigaji hodari. Katika wimbo wa pili anakosea mara mbili, na kanisa zima linasikia. Hakuna anayelalamika, kwa sababu wanaukumbuka mwaka jana.

Mwaka jana, 1956, panya walitoboa mifuko ya hewa ya kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kikanyamaza. Tangu hapo nyimbo zilianzishwa na Mukarugwiza, muuza samaki mwenye sauti inayosikika mpaka kwenye meli. Alianzia juu mno. Wanaume waliimba ubeti wa kwanza, wakakohoa katika wa pili, na wa tatu wakawaachia wanawake.

"Walisema mi naua nyimbo," anasema Mukarugwiza akicheka. "Bon, nani alinipa sauti ya kuanzia? Hakuna mutu!"

Gitaa lilikuwepo muda wote huo, hatua ishirini kutoka mimbarini, limefungiwa stoo pamoja na majembe ya kanisa. Lilikuwa la Eliezer. Aliyelitoa lifungiwe ni Eliezer mwenyewe.

Katika kanisa hili, anayeokoka husimama mbele ya watu na kutaja dhambi zake moja moja. Eliezer aliokoka mwaka 1955. Kabla ya hapo alikuwa akipiga gitaa kwenye vilabu vya pombe ya ndizi. Siku hiyo aliitaja pombe haraka haraka, kisha akaliinua gitaa juu: hili ndilo lililompoteza. Watu wakasema amina. Mzee wa kanisa, Twagirimana, akalichukua na kufunga stoo kwa ufunguo.

Hapa neno lililosemwa katika ushuhuda halifutwi kwa mazungumzo ya kando. Kinanda kilipokufa, Eliezer aliomba gitaa mara tatu ili awape waimbaji sauti. Mara tatu alikataliwa. Akiomba tena, aliogopa wangesema amerudia ya zamani na kumtenga. Mwezi uliopita Twagirimana alimwambia, kama bado analitaka, asimame tena mbele ya wote.

"We mwenyewe ulisema gitaa ni zambi," mzee alimwuliza, ufunguo mkononi. "Leo ni Mungu amebadilisha mawazo, ao ni wewe?"

"Ni mimi, muzee. Siku ile nilidanganya."

Kanisa likaguna.

"Niliuza vitambaa vya bibi yangu Donatha, nikanywa. Nikapata haya kusema ni mimi. Nikabebesha gitaa."

Mkewe, Donatha, akasimama upande wa wanawake. Eliezer alijua neno moja la Donatha lingemmaliza.

"Muzee, na mi niseme," akasema Donatha. "Hata siku gitaa ilibaki nyumbani, huyu alirudi amelewa. Mimi na gitaa tulikuwa tunamungojea wote wawili!"

Watu walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Twagirimana hakucheka, lakini alimpa Eliezer ufunguo.

"Basi gitaa haina kesi," alisema. "Kesi ilikuwa yako, na umekwisha kuungama."

Eliezer anasema alipoingia stoo aliketi juu ya majembe, akahema kama mtu aliyetua gunia. Nyaya mbili zilikuwa zimeliwa na kutu. Fundi wa baiskeli alimpa waya wa breki, naye akaufumua na kuchukua nyuzi zake.

Jumapili hii Mukarugwiza anangoja, anapewa sauti, anaanzia chini. Wanaume wanaimba beti zote nne.

Limebaki jambo moja. Mwaka ule wa 1955 Eliezer alikwenda kuurudia ushuhuda wake Busasamana, karibu na milima ya moto. Mkulima mmoja wa huko, Straton Bimenyimana, alimsikia, akaenda nyumbani na kulichoma gitaa lake. Eliezer amepata habari hiyo wiki mbili tu zilizopita.

"Na yule hakuwa hata mulevi," anasema.

Jumapili ijayo atapanda huko kwa miguu, gitaa mgongoni, aseme mbele ya kanisa lile alichosema hapa. Hajui kama Straton atampokea.

"Nitamupa gitaa kwa mikono," anasema. "Siku hiyo apige yeye. Mi nitaimba."