Mche wa Pembeni

Dada yangu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na nne. Mtaa mzima unamwita Bibi Mikono, maana mikono hiyo imewapokea akina mama walipozaliwa, kisha ikawapokea na watoto wao. Sasa amestaafu, tunaishi wawili, na mikono imehamia kwenye udongo. Mimi ndiye mdogo, na ndiye mwenye mdomo. Sikatai.

Mwaka huu alizitoa mbegu za nyanya za marehemu mama, za mwisho kabisa, zilizokuwa kwenye bahasha kabatini. Nikamwambia, "Dada, panda nusu, nusu weka akiba."

Ng'o! Akazimwaga zote kwenye trei moja, kwenye dirisha la jikoni. "Hakuna ya kuachwa nje," akasema.

Siku ya saba zikaota. Lo, zikaota karibu zote! Zilisongamana kama nywele za mswaki. Nilifurahi siku mbili tu. Siku ya tatu nikaona kwenye kona moja miche imelegea shingoni, imelala. Kila anayeotesha mbegu anaujua uozo huo: miche ikibanana hewa haipiti, shina linaoza, na ukichelewa trei nzima imekwenda. Dawa yake ni kupunguza. Unatoa iliyo dhaifu, unaacha yenye nguvu.

"Dada, punguza hiyo miche."

"Kesho."

Kesho ikawa kesho kutwa, uozo ukafika katikati ya trei. Uvumilivu ukaniishia. "Hivi unataka mbegu ya mama ifie humu ndani tunaitazama? Kama huwezi, toka nje, nitang'oa mwenyewe!"

Akavuta kigoda, akakaa. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Mwaka wake wa kwanza kazini walizaliwa pacha kabla ya wakati. Mashine ya kuwapa watoto joto ilikuwa moja, ndogo, na daktari hayupo. "Mmoja alikuwa analia kwa nguvu. Mwenzake alikuwa kimya, ananitazama tu. Nikamweka yule anayelia." Akajifuta uso kwa kanga. "Kila mtu aliniambia sikukosea. Yule wa kimya nilimpakata mimi mwenyewe mpaka alasiri."

Miaka yote nimekuwa nikimtania kwamba hawezi kuchagua hata kitambaa dukani. Nilijionea aibu.

Akasimama. "Haya, lisilo budi hutendwa. Lete vikombe."

Nikaleta vikombe, makopo, pakiti za maziwa, hata sufuria yangu nzuri. Akachokoa mche mmoja mmoja kwa kijiko cha chai, akiushika jani, si shina. Ile iliyoshikana mizizi hata isiachane, alikata mdogo kwa mkasi akauacha mkubwa. Mimi nilishika vikombe tu. Mwisho ikabaki miwili pembeni, imekumbatiana mizizi: mmoja mnene, mwingine mwembamba kama uzi, umeinama.

Akakata ule mnene.

"Dada! Unaua mzima unaacha mgonjwa? Akili zimekuruka?"

"Niachie huyu mmoja," akasema.

Nikamwachia.

Ile mingine ilizaa mpaka tukagawia majirani, na bahasha ya mama imejaa tena. Ule mwembamba ulichelewa, ukainama, ukafungiwa kijiti, na mwisho ukatoa nyanya moja, ndogo kama gololi. Asubuhi moja nikamkuta dada mlangoni ameikata, anapanga mbegu zake juu ya gazeti kwa ncha ya kisu. Alikuwa analia, wala hajifichi.

"Niletee bahasha," akaniambia. "Si ile ya mama. Mpya."

Nikaleta. Mbegu zilipokauka akazitia, akaifunga, na juu yake akaandika: Pacha wa pili.