Doña Hermelinda na Posa ya Mfini

Doña Hermelinda Barrios alikuwa mjane mwenye mdomo usiopoa, na juu ya jiko lake kulikuwa na chumba cha kupangisha. Kiwanda cha mvinyo wa tufaha hapa mjini Zacatlán kilipomleta Toivo, fundi mitambo kutoka Ufini, wakampa chumba hicho. Kihispania hakujua hata cha kuombea maji. Hermelinda akasema lugha haihitaji darasa, atajifunzia mezani, kwenye maharage na tortilla.

Akajifunza kweli, ila kwa Hermelinda peke yake. Na kwa Kihispania kila jina ni la kiume au la kike. Kiatu ni mwanamume, meza ni mwanamke, na sifa hulifuata jina lake, kama kwa Kiswahili mti ulivyo mzuri na kiti kikawa kizuri. Mwanamume aliyechoka ni cansado, mwanamke ni cansada. Kila jioni Hermelinda alivua viatu akajiita cansada. Basi na Toivo, pandikizi la mtu, akawa anapita sokoni akitangaza kwamba amechoka, ameshiba, amefurahi, yote kike kike. Wauza nyama walimuuliza hali mara mbili ili wasikie tena. Wakambatiza Dada Toivo.

Hermelinda naye alicheka, mpaka Toivo alipompenda Griselda wa duka la dawa na kumwomba mama mwenye nyumba awe mshenga. Hapo kicheko kikakatika. Don Abundio, baba wa Griselda, hakuwa mtu wa kupelekewa mkwe anayejisifu kama bibi harusi.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia. "Neno likiishia na o ni dume, likiishia na a ni jike. Sifa ifuate. Wewe ni dume. Basi."

Toivo akauliza kama hakuna maneno yanayokiuka.

"Yapo, lakini hayakuhusu."

Jumapili wakaenda kwa Don Abundio, na mkate wa jibini mkononi. Toivo akasimama wima akajieleza kuwa mpweke, mwaminifu, mchapakazi, kila sifa kiume barabara. Hermelinda nusura apige kigelegele. Kisha Toivo akamalizia kwamba amekuja kuomba el mano wa Griselda.

Huku kuposa ni kuomba mkono, na mkono, mano, ingawa unaishia na o, ni mwanamke: husemwa la mano, kwa la ya kike, si el ya kiume. Tena mtaani "mano" wa kiume ni kaka, kifupi cha hermano. Na kaka wa Griselda, Nabor, mseja wa miaka arobaini, alikuwa pale pale kwenye kochi akila karanga. Akaacha kutafuna.

Don Abundio akamtazama mposaji, akamtazama mwanawe.

"Nabor?" akauliza taratibu. "Una hakika?"

Toivo akasema ana hakika kabisa. Akaongeza kwamba mano mwenyewe ni mweupe, ni laini, na kila akipita dukani hutamani kumshika.

"Baba, mimi huyu simjui," Nabor akasema.

"Nyamaza wewe. Tangu uzaliwe sijasikia mtu akikutaka." Mzee akamgeukia Toivo. "Mchukue, bwana. Ila ujue anakula."

Nyuma ya pazia Griselda alikuwa ameshika ukuta asianguke kwa kucheka. Hermelinda akainuka, uso umemwiva.

"Mkono, Abundio, anataka mkono wa binti yako. Kosa ni langu, nilimfundisha nusu."

Ikabidi aeleze yote, toka viatu vya jioni mpaka dume na jike. Don Abundio alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa huzuni kidogo kama basi Nabor anabaki. Kisha akamwita Griselda aseme mwenyewe. Griselda akapangusa macho, akasema mwanamume aliyeweza kumwachisha kaka yake kutafuna anamtosha.

Walioana msimu wa tufaha. Mama mzazi wa Toivo alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri, kwa hiyo Hermelinda, ambaye hakujaliwa mtoto, alikalishwa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi. Kasisi alipouliza nani amemleta kijana huyu, Hermelinda alitaka kujibu vizuri, kwa sauti, mbele ya watu wote. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, maneno yakamgomea. Akainua mkono tu.